Mama Nuru, usiwape wageni sahani ile ile mara mbili

Moshi, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Nuru,

Bwana Yesu asifiwe! Huku hatujambo. Masika imetuachia matope mpaka mlangoni, lakini migomba imenawiri na watoto wamefunguliwa shule. Poleni na vikao vya kamati, najua vinavyochosha.

Orodha ya mpishi uliyonitumia nimeisoma. Na kwa kuwa nasali usharika mmoja na mama mkwe mtarajiwa wa Nuru, orodha yao ya harusi nayo nimeiona. Nikaziweka zote mbili mezani. Mama Nuru, ni orodha moja! Pilau, wali mweupe, ndizi za kukaanga, kuku wa kukaanga, rosti ya ng'ombe, kabichi, kachumbari, tikiti maji. Tofauti pekee ni kwamba ninyi mna chipsi na wenzenu wana tambi.

Sasa fikiria ni nani watakaokula. Ndugu zenu watakaokuja kwenye sendofu Usa River ndio watakaopanda Coaster wiki inayofuata kuja harusini Moshi. Kina mama wa jumuiya ni wale wale, na wafanyakazi wenzake Nuru vilevile. Wamechangia kote kuwili, halafu wanapewa sahani ile ile Ijumaa kwenye sendofu na Jumamosi ya wiki inayofuata harusini. Hakuna atakayelalamika, watu wetu wana adabu, ila hakuna atakayekumbuka alikula nini.

Maoni yangu ni haya, na wewe utayapeleka kwenye kamati kwa namna unayojua. Sendofu ni ya kwenu. Ni wazazi wa binti wanaomuaga mtoto wao, kwa hiyo chakula kiwe cha kwenu, cha Kimeru, kile Nuru alichokulia. Harusi waachie wa Moshi wapike ya kwao. Mgeni akitoka huko aseme amekula kwa Wameru, akitoka huku aseme amekula kwa Wachagga. Hapo hata gharama inapungua, maana mnaacha kununua vitu tisa ili kila mtu aonje kijiko kimoja kimoja.

Nianze na mlangoni, maana hapo ndipo kamati nyingi husahau kabisa. Sendofu ni Julai. Wewe unaijua Julai ya Usa River, mawingu kutwa, na jioni baridi inashuka kutoka Mlima Meru mpaka unatafuta kitenge cha pili. Wageni wanafika wamevaa nguo nyepesi za sherehe, mikono wazi, mnawapa soda ya baridi. Wapeni mtori! Kikombe kimoja cha moto kila mtu akiingia, kabla hajatafuta kiti. Kikombe cha robo lita kwa watu mia tatu ni lita sabini na tano, yaani sufuria kubwa mbili, na kitu chenyewe ni ndizi, mifupa na kitunguu. Kuna wazee watakaotania kwamba mtori ni wa mzazi, wamemuaga binti au wamemtoa hospitali? Waacheni wacheke, ndiyo sherehe imeshaanza hivyo.

Kwa mtori chukua mchare, usikubali ndizi nyingine. Soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi, na kwa kuwa sherehe ni Ijumaa, nunua Jumatano. Mifupa ichemke tangu asubuhi. Kina mama wakimenya ndizi wapake mafuta mikononi kwa ajili ya utomvu, na ndizi ziingie kwenye maji papo hapo zisiwe nyeusi. Kitu kimoja ambacho wapishi wa ukumbini hawakijui: mtori ukikaa unakaza. Pembeni iwepo sufuria ya supu tupu inayochemka, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuulegeza tu. Ukimkosa mtu huyo, mgeni wa mia mbili atapewa kitu cha kulia kwa uma.

Halafu loshoro. Najua utasema ni chakula cha nyumbani, si cha ukumbini. Ndiyo maana nakitaka. Mama yako mkubwa yupo, ana nguvu, na hakuna mpishi Arusha nzima atakayemshinda kwa loshoro. Mpeni vijana wawili wa kutwanga na kukoboa mahindi, ayasimamie yakichemka mpaka yalainike, na maziwa mgando yaingie asubuhi ya siku yenyewe ili yasizidi uchachu. Isiwekwe kwenye bafe pamoja na pilau, itapotea. Iwe na meza yake pembeni, kwenye vibuyu na bakuli ndogo, na bibi mwenyewe akae hapo kwenye kiti amevaa vizuri. Uone kama wakwe hawataacha viti vyao vya heshima kwenda kumsalimia na kuonja. Hapo familia zitazungumza kuliko kwenye utambulisho wote wa emsii.

Chakula chenyewe kiwe vitu vitano, si zaidi: machalari ya ndizi na nyama ya ng'ombe, pilau, mbuzi, mboga za majani na maharage yaliyoungwa vizuri kwa wasiokula nyama. Pilau nimeiacha kwa sababu kuna mgeni ambaye bila wali hajala, tusibishane naye. Ndizi za kukaanga futa. Zikikaa nusu saa ndani ya hotipoti zinakuwa za kutafuna kwa nguvu. Chipsi futa, sababu ni hiyo hiyo. Na kuku futa. Nisikilize kabla hujakasirika. Kuku ndiye kila mtu anamtaka, kwa hiyo ndiye anayekwisha kwanza, na ndiye anayewekewa mhudumu mwenye koleo anayekutazama kana kwamba umekuja kuiba. Kipande kimoja kwa mtu, tena mgongo! Heshima yote ya sherehe inaishia hapo. Fedha ya kuku wote wale nunueni mbuzi.

Kwa vipimo, mimi huenda hivi: mchele kilo moja kwa watu wanane hadi kumi ikiwa kuna ndizi pembeni, kwa hiyo watu mia tatu ni kilo thelathini na tano hivi. Nyama yenye mifupa, kilo moja kwa watu watano au sita kama kuna mbuzi. Mbuzi wa wastani akichinjwa hutoa kilo kumi hadi kumi na tano tu, msidanganywe na ukubwa wa pembe mnadani. Soda mbili kwa kila mtu ni chupa mia sita, kreti ishirini na tano. Na ongezeni watu ishirini ambao hawana kadi lakini wapo: wa muziki, wapiga picha, wa mapambo, walinzi, madereva wa Coaster. Hao wasipopangiwa watakula sahani za wajomba.

Kuhusu ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima. Siku hizi hata sherehe ya Wamakonde ina ndafu, kwa hiyo najua kamati itamtaka, na mimi simkatai. Ila nimechoka na ndafu wa maonyesho. Anasimamishwa na majani mdomoni, bibi harusi anakata kipande cha mgongoni, wazazi wanalishwa, makofi, kisha anabebwa kurudi nyuma kwa sababu ndani bado ni mbichi. Akichomwa mzima anataka saa nyingi za moto mdogo, tena kwa kumgeuza, wala hawezi kuharakishwa. Mwambieni mchomaji aanze mchana, na atafutwe mbuzi aliyehasiwa akanona, si beberu ambaye harufu yake itafika Maji ya Chai. Mnadani Weruweru mtampata, mume wangu anaweza kwenda na shemeji. Kisha wawepo mbuzi wengine wawili au watatu waliokatwakatwa wakachomwa vizuri, hao ndio wa kushibisha. Ndafu akishakatwa mezani, nyama yake ipelekwe moja kwa moja kwa wazee wa pande zote mbili, wala isirudi jikoni. Jikoni kuna miujiza mingi.

Wanyama wote wachinjwe na Mwislamu. Najua mnafanya hivyo siku zote, nakumbusha tu kwa sababu upande wa bwana harusi kuna shangazi aliyeolewa Kondoa na watoto wake wote ni Waislamu. Na kitimoto kisikanyage pale, hata kile cha wajomba cha nyuma ya turubai. Kwenu kuna Wasabato pia. Anayekitaka Arusha yote ni ya kwake siku nyingine.

Sasa muda. Hapa ndipo ninapogombana na maemsii wote wa kaskazini. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni, watu wanajaa saa mbili, na chakula kinatangazwa saa tano usiku, baada ya utambulisho, keki, shampeni, zawadi, na hotuba ya mtu ambaye hakuna anayejua ameingiaje kwenye ratiba. Watoto wamelala juu ya viti. Wazee wa sukari wameshatolewa nje na wajukuu wao. Na pilau yenyewe ilipikwa saa nane mchana. Wali ukiachwa upoe masaa yote hayo unaota vijidudu vinavyoacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto tena. Chakula cha moto kinatakiwa kukaa juu ya nyuzi 60, na ule mshumaa mdogo chini ya hotipoti hauwezi kazi hiyo usiku kucha. Kuna sherehe moja hapa mjini, siitaji, ambayo nusu ya meza yetu ilishinda Jumapili kitandani.

Kwa hiyo omba kamati ikubali: saa mbili na nusu watu wale. Utambulisho wa wazazi ufanyike wakati watu wanakula matunda, zawadi zije baadaye watu wameshiba na wana nguvu ya kucheza. Emsii atakwambia watu wakila wanaondoka. Wanaondoka kama mlichobakiza ni hotuba. Kama bado kuna ndafu na binti hajamtafuta bwana harusi wake kati ya wageni, nani ataondoka?

Foleni nayo ina hesabu yake. Mtu mmoja anatumia kama nusu dakika mbele ya bafe. Watu mia tatu kwenye mstari mmoja ni dakika mia na hamsini, saa mbili na nusu za kusimama na sahani! Wekeni meza mbili, na watu wapite pande zote za kila meza, inakuwa mistari minne, mnamaliza chini ya dakika arobaini. Wazee na wakwe wasisimame kabisa, wapelekewe walipo na vijana wa familia, si wahudumu wa kukodi. Mjukuu akimnawisha babu mikono na kumwekea sahani, hilo nalo ni sehemu ya kumuaga binti. Watoto wapewe zao mapema, saa moja na nusu, pilau na kipande cha nyama, wakimbie zao.

Na huyo mpishi wenu, kabla hajamaliziwa fedha zake, mtu wa kamati ahesabu sahani safi zikiwa bado kwenye makreti. Mpishi analipwa kwa sahani, basi sahani ndizo za kuhesabu, si maneno. Mkichukua ukumbi ulizeni pia kama wanatoza ada ya kuingiza vinywaji au chakula kutoka nje, maana ada hiyo imeshawahi kumeza bajeti ya keki ya watu ninaowafahamu. Mimi ningekuwa wewe ningefanyia nyumbani. Mna uwanja, mna migomba, mwezi wa saba hamna mvua ya kutisha. Turubai na taa za njano zinatosha. Mapambo yawe migomba yenyewe na mikungu ya ndizi, wala msinunue maua ya plastiki.

Keki. Sitaki kumuudhi dada yako anayezioka. Ila keki saba, moja ya wazazi, moja ya wakwe, moja ya bibi, moja ya mshenga, moja ya usharika na kuendelea, ni sukari nyingi kwa watu ambao nusu yao daktari ameshawakataza. Keki iwe moja ya kukatwa. Wengine wapewe makapu: asali, majani ya chai, maparachichi ya Meru, maharage mapya, na khanga juu yake. Kapu la ukindu, Mama Nuru. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na bado kuna watu wanafunga keki za wageni kwenye rambo wakijificha. Chakula kitakachobaki kigawiwe usiku ule ule kikiwa bado cha moto, kila shangazi aje na bakuli lake lenye mfuniko. Mwambieni mapema, aje nalo wazi wazi, asilifiche kwenye pochi.

Upande wa Moshi nimeshaanza kuwatilia maneno. Mama mkwe ni mtu msikivu ila baba mkwe anataka kila kitu kiwe "cha hoteli". Nimewapa mawazo matatu. La kwanza, mchele uwe wa huku, wa Mabogini na Chekereni kwenye ule mfereji wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliojengwa kwa msaada wa Wajapani miaka ya 1980, maana watu wanaagiza wa Kyela wakati wa kwetu uko jirani. La pili, kiburu kiwepo, ndizi na maharage, kwa heshima ya bibi zao wa Old Moshi. Baba mkwe aliguna. Mama mkwe akamwambia mbona nyumbani anakila kila Jumanne.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Mlima huu umelima kahawa miaka yote, chama chetu cha ushirika, KNCU, kilianzishwa 1933, na wengi wetu tumesomeshwa kwa kahawa ya mzee, lakini nenda harusi yoyote Moshi utafute kikombe cha kahawa. Hakuna! Tunakunywa chai ya rangi na soda. Nimewaambia wakodi wauza kahawa wawili wa mjini na birika zao na majiko yao ya mkaa, wakae mlangoni sherehe ikielekea mwisho, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo na kashata za karanga. Gramu sitini kwa lita moja ya maji, lita moja inatoa vikombe kumi hivi, kwa hiyo kilo mbili zinawatosha watu mia tatu na bado zitabaki. Ni bei ya kreti chache za soda tu. Madereva watakaorudi Usa River usiku ndio watakaowashukuru zaidi.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, inategemea ukumbi. Wakipata ukumbi wa usharika, pombe haitaingia hata ya asili, hapo waweke togwa kwa wazee wapate kushika kata mkononi. Wakipata ukumbi mwingine, basi waagize kwa mama anayejua siku. Ndizi zivundikwe mapema ziive, zipikwe, zikae zichache, na uji wa kimea cha ulezi uchanganywe siku moja kabla. Ikiwahi ni tamu kama uji, ikichelewa siku mbili ni siki. Nimeshaona kamati inaagiza mbege Jumatano kwa sherehe ya Jumamosi kwa sababu "gari lilikuwa linapita huko".

Mapambo ya meza kuu yao nimewashauri waweke masale, lile jani Wachagga wanaloombea msamaha. Litawafaa na kamati, maana mpaka sasa mweka hazina na mwenyekiti hawasemeshani.

Nimeandika mengi, na bado sijakuuliza la maana. Nguo ya Nuru imekamilika? Na wewe unavaa nini? Usiniambie ile ya kijani.

Naomba mambo mawili unijibu kabla ya kikao chenu cha Alhamisi. Kwanza, mama mkubwa amekubali loshoro au nije mwenyewe kumwomba? Nikija nitapanda asubuhi na kilo mbili za sukari, hawezi kunikatalia. Pili, mbuzi wangapi, kwa sababu Baba Kelvin akienda Weruweru anataka kwenda mara moja, na ukimwambia watatu ananunua wanne.

Msalimie Baba Nuru, mwambie hotuba yake iwe dakika tano.

Rafiki yako,
Mama Kelvin